Kibra: Kijiji cha Askari Kando ya Nairobi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa Jeshi, wa Polisi na wa Magereza mliopo makambini, vituoni na mipakani. Mazungumzo yetu ya leo yanavuka mpaka wa kaskazini na kuingia Kenya, katika kijiji kilichoanzishwa na askari na kujengwa na askari. Kwa zaidi ya miaka mia moja wajukuu wa askari hao wameishi humo, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hawakujua kama ardhi walimozikwa babu zao ni yao au si yao. Kijiji hicho ni Kibra, ambacho ramani na magazeti hukiita Kibera.

Watu wengi wakisikia jina hilo hufikiria jambo moja tu, yaani vibanda vya mabati na udongo vilivyobanana kando ya reli, kilomita chache kusini-magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi. Vibanda hivyo vipo kweli. Lakini kabla ya vibanda palikuwa na kijiji, na kabla ya kijiji palikuwa na msitu. Katika Kinubi, lugha ya waasisi wa mahali hapo, kibra maana yake ni msitu au pori. Jina lenyewe, basi, ni ushahidi wa hali ya nchi ilivyokuwa siku ile askari wale wa zamani walipotua mizigo yao na kuanza kufyeka.

Waasisi hao ni Wanubi, nao si wageni kabisa kwenu ninyi mnaonisikiliza. Neno afande, ambalo baadhi yenu hulitamka kwa siku moja mara nyingi kuliko majina ya watoto wenu, asili yake ni efendi, neno la Kituruki lililotumika katika jeshi la Misri. Lilifika Afrika Mashariki katika vinywa vya askari wa Kisudani. Pamoja nalo yalikuja ombasha na shaushi, vyeo ambavyo babu zetu walivisikia katika jeshi la Mjerumani huku kwetu na katika jeshi la Mwingereza kule Kenya na Uganda. Vyeo hivyo vimekwisha kusahauliwa, ila afande amebaki. Tumelirithi neno, lakini ni wachache kati yetu wanaojua yaliyowapata waliolileta.

Tuanze, basi, na mwanzo. Katika karne ya 19 Misri ilitawala Sudani, na mamlaka yake yalifuata mto Nile kuelekea kusini mpaka karibu na Ziwa Albert. Jimbo hilo la kusini liliitwa Ekwatoria. Askari wake wengi walitoka katika makabila ya Sudani ya kusini na ya nchi za jirani. Wengi wao walikuwa wamekamatwa na wawinda watumwa wakiwa vijana, kisha wakatiwa jeshini, wakasilimu, wakajifunza Kiarabu cha kambini na kukifinyanga mpaka kikawa lugha yao wenyewe, yaani Kinubi. Jeshi likawa kabila lao.

Mwezi wa Januari mwaka 1885 majeshi ya Mahdi yaliuteka mji wa Khartoum. Gavana wa Ekwatoria, tabibu wa Kijerumani aliyejulikana kwa jina la Emin Pasha, alikatiwa njia pamoja na askari wake. Hapakuwa na mshahara, wala barua, wala baruti mpya. Henry Stanley alikwenda kumwokoa, na mwezi wa Desemba mwaka 1889 wakafika Bagamoyo. Lakini aliyeokolewa ni gavana na baadhi ya watu wake tu. Mamia ya askari waliachwa nyuma, pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao, chini ya ofisa wao Selim Bey.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Septemba mwaka 1891, nahodha mmoja wa Kiingereza aliyeitwa Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliwakuta mahali paitwapo Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Lugard alikuwa na shida ya askari wa kuishikilia Uganda, na mbele yake wamesimama askari waliokwisha kufunzwa, wasio na bwana. Akawataka waingie katika utumishi wa Kampuni. Selim Bey alikataa kuukana utii wake kwa Khedive wa Misri mpaka ruhusa ya Khedive ipatikane. Yapo mengi ya kumlaumu mtu kama yule, kwa kuwa jeshi lake liliishi kwa kupora wanavijiji. Lakini katika jambo hilo moja alijua kiapo ni nini. Serikali yake ilikwisha mwacha porini kwa miaka kadhaa, naye alikuwa bado hajaiacha.

Je, alilipwa nini kwa utii huo? Mwaka 1893 Waingereza walimshuku kwamba anaelekea upande wa Waislamu wa Buganda katika mizozo ya dini iliyokuwako. Walimkamata na kumpeleka uhamishoni pwani, naye akafia njiani, Naivasha.

Mwaka 1897 likafuata jambo kubwa zaidi. Askari wa Kisudani waliokuwa Uganda walikuwa wakitembezwa kutoka vita hadi vita, leo Bunyoro, kesho Buganda, keshokutwa Nandi. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao wa pwani, nao ulicheleweshwa. Kisha wakaamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika safari ya mbali, pasipo kuambiwa sawasawa wanakokwenda, na wake zao wabaki nyuma. Karibu na Eldama Ravine wakaasi. Walirudi mpaka ngome ya Luba katika Busoga, na huko wakawaua Wazungu watatu, akiwamo Meja Thruston, ofisa aliyekwenda kwao kwa sababu aliwaamini na kudhani kwamba nao wangemsikiliza. Maasi yalizimwa kwa damu nyingi, na kwa msaada wa askari walioletwa kutoka India.

Nawasimulia hayo, ndugu askari, ili jambo moja lieleweke. Hapakuwa na mtu kati ya watu hawa aliyesaidiwa na mfumo ule. Uliwateka wakiwa watoto, ukawatumia wakiwa vijana, ukawashuku wakiwa watu wazima. Swali lililobaki ni kwamba utawafanyia nini wakiwa wazee. Jibu la swali hilo ndilo Kibra.

Tarehe 1 Januari mwaka 1902 vikosi vya Waingereza katika sehemu hizi za Afrika viliunganishwa kuwa jeshi moja, King's African Rifles, au KAR, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Wasudani walikuwa uti wa mgongo wake katika Kenya na Uganda. Wakati huo Nairobi ilikuwa kituo cha reli chenye umri wa miaka mitatu tu, kambi ya mahema na mabati katika nchi ya tope. Kiasi cha mwaka 1904 jeshi lilianza kuwapa makao askari wa Kisudani waliomaliza utumishi katika msitu uliokuwa kando ya kambi hiyo. Eneo lililotengwa lilikuja kupimwa na kuonekana kuwa ekari 4,197. Askari aliyetumikia miaka ya kutosha alipewa kipande cha karatasi kilichoitwa pasi ya shamba. Kwa karatasi hiyo aliweza kufyeka, kujenga, kulima mahindi na kufuga ng'ombe wachache.

Jeshi lilikuwa na faida zake katika mpango huo. Mkongwe aliyekaa karibu na kambi angeweza kuitwa tena ikitokea shida, na wanawe wangekua wakisikia tarumbeta mpaka waingie jeshini kama baba zao. Kwa hiyo Kibra ilikuwa pensheni ya askari wale, na papo hapo ilikuwa bustani ya kuoteshea askari wapya. Hata leo majina ya vitongoji vyake yana harufu ya jeshi. Pana Laini Saba, jina ambalo inasemekana lilitokana na mistari ya uwanja wa shabaha. Pana Lindi, jina lile lile la bandari yetu ya kusini, ambako mwaka 1917 ilitokea safu ya Waingereza, vikosi vya KAR vikiwamo, iliyopigana na Wajerumani huko Mahiwa.

Katika kijiji hicho Wanubi walijenga misikiti, wakatenga makaburi yao, wakapanda miti, wakasherehekea arusi zao. Wanawake walitarizi vitambaa na kusuka vikapu vya rangi. Pia walitengeneza pombe kali iliyojulikana Nairobi nzima, hata polisi wa wakati huo wakawa hawana siku ya kupumzika. Palikuwa mahali pa watu wenye mila zao, mahali pa kuitwa nyumbani.

Lakini zile pasi za shamba zilikuwa na kasoro moja, nayo ndiyo mzizi wa hadithi nzima. Zilitoa ruhusa ya kukaa, hazikutoa haki ya kumiliki. Mwenye pasi hakuweza kuuza shamba wala kuliandikisha kwa jina la mwanawe. Mbele ya sheria ya kikoloni alikuwa mpangaji tu katika ardhi ya Mfalme, mtu ambaye mwenye ardhi aweza kumwondoa apendapo. Askari wengi hawakujua kusoma. Walishika kauli za maofisa wao kwamba hapo ni pao, wao na wana wao. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi bila hati nayo hupotea vivyo hivyo.

Tena utawala wa kikoloni uliigawa Kenya kwa mafungu. Nyanda bora za juu walipewa walowezi wa Kizungu, na kila kabila la Kiafrika likawekewa hifadhi yake. Mkikuyu alikuwa na hifadhi, Mluo alikuwa na hifadhi, Mnandi alikuwa na hifadhi, ingawa mara nyingi ilikuwa sehemu iliyobaki baada ya kunyang'anywa iliyo bora. Mnubi hakuwa na hifadhi yoyote. Katika vitabu vya Serikali alihesabiwa kuwa mtu asiye na kabila na asiye na kwao. Waliomtoa kwao ndio walioandika kwamba hana kwao.

Mwaka 1928 jeshi lilijitoa katika usimamizi wa Kibra, na kijiji kikawa chini ya watawala wa kiraia. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilikuwa zito. Ofisa wa jeshi, hata akiwa mkoloni, aliwajua askari wake kwa majina na alijua walipigana wapi. Karani wa mji hakujua lolote katika hayo. Yeye aliona ardhi nzuri karibu na mji unaokua, na juu ya ardhi hiyo watu wasio na hati. Miaka michache baadaye Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyojulikana kama Tume ya Carter, ilikiri katika taarifa yake ya mwaka 1934 kwamba Serikali ilikuwa na wajibu ulio wazi kwa askari wale, ama kuwarudisha kwao, ama kuwatafutia mahali pa kukaa. Wajibu ukakiriwa, ukachapishwa, ukawekwa kabatini.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, KAR walikwenda Uhabeshi na Burma, na wana wa Kibra walikuwa miongoni mwao. Waliporudi waliukuta mji umesogea karibu zaidi na mashamba yao. Mwaka 1950 Nairobi ikafanywa jiji. Msitu ulipungua, mashamba yalipungua, na mitaa mipya ikaanza kujengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kijiji.

Tarehe 12 Desemba mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru wake. Ardhi iliyokuwa ya Mfalme ikawa ardhi ya Serikali, na Mnubi, aliyekuwa mpangaji wa Mfalme, akabaki kuwa mpangaji. Mitaa ya Jamhuri, Fort Jesus, Ayany na mingineyo ilijengwa katika eneo lile la zamani, kwa ajili ya watu wenye mishahara. Wakati huo huo maelfu kwa maelfu ya Wakenya walikuja mjini kutafuta kazi. Hawakupata nyumba wanazoweza kuzilipia, wakaja Kibra kupanga vyumba. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000 katika vibanda vya Kibera. Kijiji kikafunikwa na mtaa, na wana wa kijiji wakawa wachache katika kijiji chao wenyewe.

Pamoja na ardhi lilikwenda jambo la uraia. Kijana wa Kinubi alipofika umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji. Aliulizwa ametoka wapi, babu yake alikuwa nani, na ana ushahidi gani. Mwenzake wa kabila linalojulikana aliandikishwa akaenda zake. Bila kitambulisho mtu hapati kazi ya halali, hafungui hesabu benki, hapigi kura, hapati pasipoti. Tazameni kinyume kilichopo, ndugu askari. Babu alipotakiwa kwenda kufa vitani hakuulizwa ametoka wapi. Mjukuu alipotaka karatasi ya kutafutia kazi, aliulizwa.

Wako watakaosema: Lakini Wanubi hao si walikuwa vibaraka wa mkoloni? Je, hawakutumwa kuwapiga Wanandi, Wakamba na Wakikuyu? Je, mwezi wa Oktoba mwaka 1905 haikuwa ofisa wa KAR, Richard Meinertzhagen, aliyemwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyekuja kwa mazungumzo ya amani? Na huku kwetu, je, si Wasudani wapatao 600 walioandikishwa Misri na Hermann von Wissmann mwaka 1889 waliokuja kumpiga Bushiri bin Salim, mpaka akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo?

Hayo yote ni kweli, wala hatuna sababu ya kuyaficha. Mkoloni alipenda kutumia askari mgeni, kwa sababu mgeni hana shangazi katika kijiji anachokichoma. Lakini tukishika fimbo ya hukumu, tuangalie tunampiga nani. Aliyetoa amri alikwenda zake Uingereza na pensheni yake. Koitalel aliuawa na ofisa ambaye baadaye alitunga vitabu na kufa mzee London. Aliyebaki Kibra ni mjukuu wa ombasha, aliyezaliwa miaka mingi baada ya bunduki ile kunyamaza. Hakuna sheria ya haki, ya mila wala ya dini, inayomtia mjukuu hatiani kwa kosa la babu yake. Tena, kama utumishi katika jeshi la mkoloni ungekuwa dhambi isiyofutika, ni familia ngapi za Afrika Mashariki zingesalimika? Watu wa makabila mengi ya nchi zetu waliingia Keya.

Wako tena watakaosema: Haki ya Wanubi itakuwa dhuluma kwa wengine, maana Kibra leo ina maskini wa kila kabila, waliozaliwa humo na wasio na mahali pengine. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Mwaka 2001 palizuka mapigano Kibera juu ya kodi za nyumba, kati ya wapangaji na wenye nyumba, ambao baadhi yao ni Wanubi. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Kenya, Kibera iliumia vibaya, na hata reli ya kwenda Uganda iling'olewa hapo. Waliopigana wote walikuwa watu wasio na hati ya ardhi. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mpangaji na mwenye kibanda walipokuwa wakipigania chumba kimoja, ekari zile elfu nne zilikuwa zimekwisha gawanywa zamani, na waliozipata hawakuwamo katika ugomvi.

Hatusemi haya ili kumnyoshea jirani kidole. Kenya ilirithi fundo ambalo haikulifunga, na ni haki kueleza hatua ilizochukua. Katika sensa ya mwaka 2009 Wanubi walihesabiwa kwa jina lao, kwa mara ya kwanza, badala ya kutiwa katika fungu la wengineo. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto, katika uamuzi wake wa kwanza kabisa, ilisema kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia, na kwamba mtoto hapaswi kungoja mpaka afike miaka 18 ndipo ajue yeye ni raia wa nchi gani. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, pamoja na haki yao katika ardhi ya Kibra. Kisha mwezi wa Juni mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jumuiya ya Wanubi hati ya kumiliki ekari 288.

Ekari 288 katika ekari 4,197 ni karibu sehemu moja ya kumi na tano. Yuko atakayesema ni kidogo mno, na yuko atakayesema ni nyingi kuliko alizopata maskini mwingine yeyote wa Nairobi. Lakini kwa wazee walioishi umri wao wote kwa ruhusa ya mtu mwingine, karatasi ile ilikuwa na neno ambalo pasi ya shamba haikuwa nalo, yaani neno kumiliki. Kati ya pasi za kwanza na hati hiyo ilipita miaka zaidi ya mia moja.

Uganda nayo ina Wanubi, hasa katika mji wa Bombo, kaskazini ya Kampala, uliokuwa makao ya kikosi cha KAR. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imewataja katika orodha ya jamii za nchi hiyo. Historia yao ni ngumu zaidi, maana Idi Amin, aliyetoka katika jeshi lile lile la Keya, alijaza watu wao jeshini na serikalini. Alipoangushwa mwaka 1979, baada ya vita alivyoviwasha yeye mwenyewe kwa kuivamia Kagera, Wanubi wengi wasio na hatia walikimbia makwao kwa kuogopa kisasi. Huo ni mfano mwingine wa hasara anayoipata raia wa kawaida pale mtawala anapoligeuza kabila moja kuwa bunduki yake.

Sasa, ndugu askari, tuchukue nini katika habari za kijiji hiki?

La kwanza ni kwamba askari hana budi kutoka kwa wananchi na kurudi kwa wananchi. Jeshi lililowatenga Wanubi na watu waliowazunguka liliwafanya wawe hodari kwa muda na wapweke kwa karne nzima. Nchi zetu tatu zilirithi vikosi vya Keya, na mwezi wa Januari mwaka 1964 zote tatu zilionja maasi, Colito kwetu, Jinja Uganda, Lanet Kenya. Tanganyika ililivunja jeshi lile la kurithi, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo likaundwa jeshi jipya kutoka kwa wananchi wenyewe. Ukitaka kujua sababu ya uamuzi huo, watazame wale waliotumikia jeshi la watu wengine, na mahali walipoachwa.

La pili ni juu ya ahadi. Dola inapomwambia askari kwamba itamtunza akizeeka, au kwamba itawatunza mjane na watoto wake akifa, neno hilo liandikwe, lisainiwe, litiwe katika sheria na kuwekwa mahali ambapo mjukuu aweza kulisoma. Ofisa mwema hufa au huhamishwa, na wema wake humfuata. Na wewe askari, usione haya kuuliza. Jua kiinua mgongo chako kinahesabiwaje. Andikisha warithi wako. Kama una kiwanja au shamba, hakikisha una hati yake, usitosheke na kauli ya mwenyekiti wala ya rafiki. Yapo majina mengi ya askari shujaa waliotosheka na kauli, nayo yako katika makaburi ya Kibra.

La tatu lawahusu zaidi askari wa polisi, nalo si jepesi. Mwezi wa Julai mwaka 2018 nyumba nyingi zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Maelfu ya watu walikosa makao, na shule pia zilivunjwa. Polisi walikuwapo kulinda matingatinga. Barabara ni jambo jema, na jiji lenye watu zaidi ya milioni nne haliwezi kukaa bila barabara. Amri halali ni lazima itiiwe. Lakini amri moja yaweza kutekelezwa kwa namna mbili. Yuko askari anayempa mama nafasi ya kutoa godoro, sufuria na vitabu vya watoto, na yuko anayemsukuma. Tingatinga halimtambui mwenye nyumba. Askari anaweza kumtambua, na kwa sababu hiyo yeye anapigiwa saluti, nalo halipigiwi.

Ndugu wasikilizaji, miji yetu mikubwa yote imemeza vijiji vya zamani. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zilipata majina kutoka kikosi cha wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918, watu waliobeba mizigo ya jeshi mpaka wakafa kwa maelfu, kwa homa na kuhara kuliko kwa risasi. Tunapita katika mitaa hiyo kununua ndizi na vitenge, wala hatuwakumbuki. Jiji lina haki ya kukua. Lakini linapofika katika kijiji kilichokuwako kabla yake, lina wajibu wa kuuliza kwanza: Nani yuko hapa, alifikaje, na aliahidiwa nini? Anayeuliza maswali hayo mapema hutumia kalamu na siku chache. Nairobi ilipochelewa kuuliza, jibu lilihitaji vizazi vitatu, mahakama, na damu ya maskini waliokuwa majirani.

Wanubi wa Kibra hawakuomba sanamu wala nishani. Waliomba waandikwe: jina katika daftari la raia, na kijiji katika daftari la ardhi. Askari yeyote, wa nchi yoyote, aliyevaa sare na kula kiapo, aweza kuona kwamba hayo si maombi makubwa.